Mkabidhi na Msaragambo: Uhakiki wa Utawala wa Kamusi Elezo ya Kiswahili

Kifaru ni mahali pa njia. Magari ya Tanga na Moshi hupita hapo chini ya milima ya Upare, na mtu aliyeshuka kutoka Ugweno hungoja usafiri huku simu yake i mkononi. Zamani mtu kama huyo akitaka kujua habari za nchi yake, mathalan ni nani waliofua chuma Ugweno kabla ya Wasuya kushika utawala, alikuwa hana budi kumwendea mzee. Siku hizi huandika neno moja katika simu, akafunguliwa ukurasa wa Wikipedia ya Kiswahili, ambayo hujiita kamusi elezo huru. Juu ya ukurasa huo ataona maneno machache ya kuchagua: Soma, Hariri, Fungua historia. Wengi husoma, wachache sana huhariri, na hilo la tatu karibu hapana aligusaye. Habari ya uhakiki huu imo katika hilo la tatu.

Maana akiligusa ataona jambo la ajabu. Kila neno lililopata kutiwa katika ukurasa ule limeandikwa siku yake, saa yake, na jina la aliyelitia, ijapokuwa jina hilo mara nyingi ni la kujipa. Neno lililoondolewa nalo lipo, na mtu aweza kuulinganisha ukurasa wa jana na wa leo, mstari kwa mstari. Kando yake pana ukurasa wa majadiliano, na mahali pengine pana kumbukumbu zionyeshazo ni mtumiaji gani aliyezuiwa asiandike, ukurasa gani uliofutwa na nani aliyeufuta, nani aliyepewa cheo na nani aliyevuliwa. Ni vigumu kutaja baraza, chama cha ushirika au ofisi katika Afrika ya Mashariki iliyopata kuliacha daftari lake wazi kiasi hicho kwa kila apitaye njia. Tena kazi yote hiyo hailipwi hata senti. Kwa sababu hiyo husemwa ya kuwa jumuia hii haina bwana wala mtwana: mambo yote yako wazi, na watu wote ni sawa. Sifa hiyo ina ukweli ndani yake, lakini yafaa ipimwe.

Wikipedia ya kwanza, ya Kiingereza, ilianzishwa mwezi wa Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger. Ya Kiswahili ilifunguliwa mwaka 2003, na leo ina makala zaidi ya 70,000. Walioijenga ni watu wa kujitolea: Watanzania, Wakenya, na wageni kadhaa waliojifunza lugha wakaipenda. Katika miaka ya 2009 na 2010 kampuni ya Google ilifanya mashindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, waandike makala za Kiswahili wapate zawadi, miongoni mwao kompyuta za mkononi. Makala zikaja kwa wingi. Zawadi zilipokwisha kutolewa, washindani wengi hawakuonekana tena, na makala zao, ambazo baadhi zilikuwa tafsiri mbovu za Kiingereza, zikabaki mikononi mwa wachache waliokuwapo tangu mwanzo. Hao ndio waliokaa wakasahihisha, wakaunganisha, wakafuta.

Hapo ndipo cheo kipatapo uzito katika kazi ya kujitolea, na jambo hili halikutazamwa vya kutosha na wale walaumuo ukubwa wa wakubwa. Si lazima mtu awe na tamaa ya kutawala ndipo atawale. Yatosha wengine waondoke na yeye abaki. Aliyebaki hujua mahali vitu vilipo, hujua desturi, hujua ugomvi wa miaka kumi iliyopita ulikwishaje. Na mgeni akija, hana wa kumwuliza ila yeye. Mamlaka humjia mtu huyo kama vumbi limjiavyo mfagiaji.

Watu hao wana jina. Katika Wikipedia ya Kiswahili mtu mwenye uwezo wa kufuta ukurasa, kuufunga usihaririwe, na kumzuia mtumiaji, huitwa mkabidhi. Neno hili lastahili kusimamiwa kidogo, maana ni neno la tafsiri, na tafsiri hiyo imefunua zaidi ya ilivyokusudia. Kitenzi kabidhi kimetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kushika mkononi. Kiswahili kimekigeuza kikawa kumpa mwingine kitu akishike: mwenye nyumba amemkabidhi mpangaji funguo. Basi kwa sarufi mkabidhi ni mwenye kutoa, naye apewaye ni mkabidhiwa. Lakini katika jumuia hii mkabidhi ndiye aliyepewa. Jina limewekwa kinyume. Tena watu wa pwani wanalo neno kabidhi kwa maana ya bakhili, mtu ambaye kikiingia mkononi mwake hakitoki. Hapana shaka aliyetafsiri hakuwaza hivyo. Huenda alikuwa akifikiri juu ya Kabidhi Wasii, mtumishi wa serikali ashikaye mali ya marehemu kwa ajili ya warithi. Kama ndivyo, neno ni zuri kuliko lilivyoonekana mwanzo, kwa sababu ashikaye mali ya warithi hana mali pale, na hana budi kutoa hesabu. Waingereza, kwa upande wao, huwachora watu wa cheo hiki wakiwa na ufagio wa maji, na tangu 2003 hurudia kusema ya kuwa cheo hicho si jambo kubwa. Ufagio na funguo ni vitu viwili mbali mbali. Mwenye ufagio hushukuriwa. Mwenye funguo huombwa.

Juu ya wakabidhi wapo wengine. Cheo chenyewe hutolewa na wenye mamlaka ya kukitoa, ama wa hapo hapo katika lugha, ama watumishi wa kimataifa ambao huchaguliwa kila mwaka na watumiaji wa lugha zote pamoja, na ambao wengi wao hawajui Kiswahili. Juu yao tena ipo taasisi ya Wikimedia, iliyoundwa Marekani mwaka 2003, ambayo ndiyo yenye mitambo na fedha. Tangu 2013 upo utaratibu wa kumvua cheo mtu aliyekaa miaka miwili bila kufanya kazi yo yote, pale ambapo jumuia haijajiwekea sheria yake yenyewe. Utaratibu huo ni wa busara. Mabaraza mengi ya milimani hayakuwa nao, na mzee aliyekwisha kuwa kipofu aliendelea kugawa maji.

Na kutaja maji ni kurudi Upare, ambako kazi isiyo na mshahara ina historia ndefu na jina lake. Neno msaragambo, litumikalo sasa katika Kiswahili kwa kazi ya pamoja ya watu kujitolea, ni neno la Upare. Watu huitwa, hutoka kila nyumba na jembe lake, hulima njia, huzibua mfereji, hujenga shule. Hapana alipwaye. Lakini haifai kulipamba. Wakati wa ukoloni jina hilo hilo lilitumika kwa kazi za kuamrishwa, na hata siku hizi vijiji vingi humtoza faini asiyetokea. Huko ni kujitolea kwa mtu ambaye asipojitolea atatolewa.

Mfano ulio bora wa msaragambo ni ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kukusanyia maji ya mfereji: hujazwa usiku, hufunguliwa asubuhi, na maji hushuka mashambani kwa zamu. Nyingi zilichimbwa na koo, kisha zikaja mikononi mwa kamati. Ndiva ya Manoo katika kijiji cha Bangalala, bonde la Makanya wilayani Same, imechunguzwa na wataalamu wa maji miaka mingi, na ni mfano mzuri wa namna hii ya utawala. Ngazi ipo waziwazi. Yupo asimamiaye, wapo wagawao zamu, wapo wangojao; na ukoo uliochimba haukusahau kuwa ndio uliochimba. Asiyekuja kuondoa matope hupoteza haki yake au hutozwa. Usawa hapana. Walakini mtu wa mwisho katika mfereji anajua mambo matatu bila kuambiwa na mtu: maji yaliyomo ndani ya ndiva asubuhi, kwa kuwa huyaona, zamu ni ya nani, kwa kuwa hutangazwa, na kama zamu yake imerukwa, kwa kuwa shamba lake litamwambia kabla ya jua kuchwa. Akipeleka mashtaka, huyapeleka kwa lugha yake, kwa mtu ambaye nyumba yake aijua.

Uwazi wa ndiva basi si daftari. Hakuna kilichoandikwa. Ni uwazi wa jambo lenyewe mbele ya macho ya watu wanaohusika nalo, na kwa kipimo wanachokijua.

Kinyume chake pia kilipata kuonekana Upare, na kwa gharama kubwa. Katika miaka ya mwanzo ya 1940 watawala wa wilaya ya Pare, kwa idhini ya serikali ya Mwingereza, waliweka kodi mpya juu ya ile kodi ya kichwa. Iliitwa mbiru, nayo ilitozwa kwa kadiri ya mali ya mtu. Katika karatasi kodi hiyo ilikuwa ya haki kuliko ile ya zamani, kwani mwenye nacho alitoa zaidi na asiye nacho alitoa kidogo. Lakini mali ya mtu ilikadiriwa na wakadiriaji, na mtu wa kawaida hakujua ng'ombe wake wamehesabiwaje, kahawa yake imepimwaje, wala kwa nini jirani yake mwenye shamba kubwa ametozwa kidogo. Mwezi wa Januari 1945 watu kwa maelfu walishuka milimani wakaenda Same, makao ya wilaya, wakakaa pale. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Paulo Mashambo. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao waliingia katika shauri hilo kwa nguvu. Mwisho wake serikali ilishindwa, na mbiru ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo ameiandika habari hiyo katika kitabu kidogo cha 1971, na ameonyesha kwa uangalifu kuwa watu hawa hawakuwa wakikataa kodi kwa kuwa ni kodi.

Jambo hilo lina uzito kwa shauri hili. Wapare hawakuwa wageni wa ngazi; Ugweno walikuwa na mangi na wachili na mabaraza yao muda mrefu kabla ya Mzungu kufika. Wala haikuwa kwamba hesabu za mbiru hazikuandikwa. Ziliandikwa, tena kwa uangalifu wa kiofisi. Walichokikataa ni kupimwa kwa kipimo ambacho mpimwaji hakioni na hawezi kukijibu. Daftari lilikuwapo. Wasomaji wake ndio waliokuwa upande mmoja tu wa meza.

Sasa na arudi yule mtu wa Kifaru. Tuseme ameandika makala juu ya shule ya kijiji chake, iliyojengwa kwa msaragambo, na baada ya siku tatu makala haipo. Akitafuta, kumbukumbu itamwambia kuwa ilifutwa, saa ngapi, na mkabidhi gani. Pia pana nafasi ya sababu. Lakini programu haimlazimishi mkabidhi kuijaza nafasi hiyo. Aweza kuandika maneno mawili, au asiandike neno. Na hapa panatokea tundu katika ule uwazi uliosifiwa mwanzo: ukurasa ukifutwa, historia yake yote hufutika machoni pa watu pamoja nao. Wanaoweza kuifungua ni wakabidhi tu. Yaani mtu asiye na cheo akitaka kujua kama mwenye cheo alifuta kwa haki, hana budi kumwuliza mwenye cheo. Zipo sababu nzuri za kufanya hivyo, kwani matusi, siri za watu na maandishi ya kuibwa hayawezi kuachwa wazi kwa kisingizio cha uwazi. Sababu hizo hazifuniki kila ufutaji. Makala ya shule haina siri ya mtu.

Akiuliza zaidi, ataambiwa makala haikutimiza masharti ya umashuhuri wala haikuwa na marejeo. Masharti hayo yameandikwa wapi? Kwa Kiswahili yapo machache na mafupi. Yaliyo marefu, pamoja na mijadala iliyoyazaa, yako katika Kiingereza, na mashauri makubwa ya lugha zote huamuliwa katika kurasa za kimataifa ambako mtu asiyejua Kiingereza hufika kama mtu aliyefika Same mwaka 1945: anaona mlango, anaona karani, na meza iko katikati. Hapana aliyemficha kitu. Kila kitu kiko wazi, naye hakisomi. Tena marejeo yatakiwayo ni ya kuchapishwa, na shule iliyojengwa kwa jembe la watu wote mara nyingi haikuandikwa na mtu. Walioijenga walijua kuwa wameijenga.

Ili isidhaniwe kuwa hilo ni tatizo la watu wa lugha changa peke yao, mambo matatu ya ng'ambo yatosha. Wikipedia ya Kikroeshia ilishikwa kwa muda wa karibu miaka kumi, hata 2020, na kundi dogo la wakabidhi walioipinda historia ya nchi yao katika mambo ya Vita Kuu ya Pili, wakawafukuza waliowapinga. Kumbukumbu zote za kufukuza zilikuwa wazi siku zote. Taasisi yenyewe ilitoa taarifa yake ya uchunguzi mwaka 2021. Wikipedia ya Kiskoti nayo iligunduliwa mwaka 2020 kuwa sehemu yake kubwa imeandikwa na kijana wa Kimarekani asiyeijua lugha hiyo, naye alikuwa mkabidhi. Historia ya kila ukurasa ilimtaja kwa miaka, na karibu hapana aliyetazama. Hapo yule asemaye kuwa daftari wazi ni ulinzi wa kutosha hana budi kunyamaza kidogo.

Jambo la tatu ni la kinyume. Mwaka 2019 taasisi ya Wikimedia ilimfukuza kwa mwaka mmoja mkabidhi mmoja wa Wikipedia ya Kiingereza, kwa mashtaka ambayo haikuyaweka mbele ya jumuia, ikisema ni kwa ajili ya kuwalinda walioshtaki. Wakabidhi zaidi ya ishirini walijiuzulu. Baada ya miezi michache shauri lilirudishwa mbele ya baraza la wasuluhishi lililochaguliwa na watumiaji, na marufuku ikaondolewa, ijapokuwa cheo hakurudishiwa. Yawezekana kabisa taasisi ilikuwa na haki katika kiini cha shauri. Asiyeona ushahidi hawezi kuamua. Lakini watu wasiolipwa walipoambiwa waamini bila kuona, waliondoka. Wanayo njia hiyo moja tu ya kugoma, nayo ni nyepesi sana, kwa kuwa hapana faini.

Hapo ndipo msaragambo wa simu unapoachana na msaragambo wa jembe. Asiyetokea mferejini hukosa maji. Asiyetokea katika kamusi elezo hakosi kitu. Ataendelea kusoma bure, na hapana ajuaye kuwa aliwahi kutaka kuandika. Kwa hiyo dhuluma katika jumuia ya namna hii haifanyi watu washuke mlimani kwa maelfu. Hufanya kimya, na kimya hakionekani katika kumbukumbu yo yote.

Msomaji atauliza: je, dawa si kuondoa vyeo? Mwandishi wa Kimarekani Jo Freeman alikwisha kulijibu swali hilo katika miaka ya 1970, alipochunguza vyama vya wanawake vilivyojivunia kutokuwa na viongozi. Aliona ya kuwa uongozi ulikuwapo, ila ulikuwa umejificha katika urafiki, na kwa kuwa haukuwa na jina hapakuwa na njia ya kuuondoa. Wikipedia ya Kiswahili inastahili sifa kwa kuwa imevipa vyeo vyake majina na imeyaweka majina hayo hadharani. Tena ni lazima kusemwa, wakabidhi wake wamefanya kazi ambayo vyuo vikuu vyenye mishahara havikuifanya, na wengi wa wale walioilaumu hawakuandika hata makala moja. Kuwaondoa hao wachache kwa jina la usawa ni kuivunja ndiva kwa kuwa mgawa maji ana ndugu.

Kasoro ni nyingine, nayo ni ya lugha, kwa hiyo ni shauri la watu wa Kiswahili zaidi ya kuwa shauri la mafundi wa kompyuta. Sheria zitumikazo kuwapima waandishi wa Kiswahili hazijatungwa kwa Kiswahili. Hata zile zilizotafsiriwa zimetafsiriwa na mtu mmoja au wawili, usiku, baada ya kazi zao za kutwa, pasipo mjadala wa watakaopimwa nazo. Jina la cheo limetafsiriwa vivyo hivyo, likatoka kinyume, na miaka imepita bila mtu kulirudia. Taasisi za lugha za Dar es Salaam na za Zanzibar, ambazo hutumia miezi kuamua neno la chombo cha maabara, hazikuona kuwa hapa pana msamiati mzima wa utawala unaotumiwa kila siku na watu wa nchi nyingi: kufuta, kuzuia, kulinda, kurejesha, umashuhuri, marejeo. Maneno hayo ndiyo ndoo na mfereji wa kazi hii. Mtu akiyaelewa aweza kubisha, asipoyaelewa ataondoka.

Na yapo madogo yasiyongoja taasisi. Mkabidhi afutaye makala ya shule ya Kifaru aweza kuandika katika nafasi ya sababu sentensi mbili za Kiswahili: ni nini kilichokosekana, na mwandishi akilete wapi. Aweza kuacha neno katika ukurasa wa majadiliano wa mtumiaji yule, ambao karibu siku zote huwa mtupu. Mwandishi akifungua historia siku ya pili atakuta ameambiwa jambo, na atajua ni nani wa kumjibu.